Mazishi ya Gamba

Simu ya bandani ililia asubuhi, Wan-ju akiwa na wavu mkono mmoja na jani la mforosadi lililochemshwa mkono wa pili. Alilitumbukiza jani kwenye tangi la kamba wekundu, akaibana simu kati ya sikio na bega. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa Taipei, naye alikuwa akilia.

"Amekufa. Nimemnunua kwenu juzi tu. Amelala chini, mweupe, naona mpaka upande wa pili."

"Pole, Dada. Hebu mtazame mgongoni, hapo kichwa kinapokutana na mwili. Pamepasuka?"

Mwanamke aliiweka simu chini, akatazama, akairudia.

"Pamepasuka."

"Basi hajafa. Amejivua gamba. Mwenyewe yupo nyuma ya chujio au chini ya majani. Mwili wake bado laini, kwa hiyo anajificha siku moja mbili asije akaliwa."

"Na nani? Yuko peke yake humu."

"Yeye halijui hilo, Dada."

"Na hili gamba nilitupe?"

"Usilitupe. Atalirudia alile. Chokaa yake yote imo humo."

Baba yake, A-Hin, alikuwa amesimama mlangoni akitafuna popoo. "Taipei?" aliuliza.

"Taipei."

"Wameshazika?"

"Alikuwa anatafuta kiboksi cha kiberiti."

A-Hin alicheka mpaka akajishikiza mlangoni. Sisi tunaofuga kamba wa mapambo huku kusini, kati ya mipopoo na reli, tunaishi kwa mambo mawili: kuuza kamba, na kuwacheka wanaowanunua. La pili halina faida, lakini ndilo tunalolifanya vizuri zaidi.

Kamba mwenyewe ni kiumbe rahisi. Hutoka chini ya tumbo la mama yake akiwa mdogo kuliko punje ya ufuta, tayari ana miguu na masharubu yote. Hawezi kukua ndani ya gamba, kwa hiyo hulipasua mgongoni, huchomoka kwa mruko mmoja, hujificha, hunywa maji akatanuka, kisha hungoja gamba jipya likaze. Akiwa mtoto hufanya hivyo kila baada ya siku chache. Akizeeka, mara moja kwa mwezi, au asipojisikia, hupitisha hata zaidi ya mwezi. Maji yakiwa ya ubaridi huishi mwaka na nusu, akibahatika miwili. Maji yakiwa ya moto hukua haraka, hupendeza haraka, na hufa haraka. Haya anayajua kila mtu kijijini kwetu, hata watoto, na hata mbwa wa A-Hin, ambaye alipenda kula magamba yaliyomwagwa na maji machafu.

Banda lilikuwa la Shangazi Giok-lan kwa maana kwamba ndiye aliyelifanyia kazi. Kwa maana nyingine zote lilikuwa la A-Hin, mdogo wake. Shangazi hakuolewa. Alilala chumba cha nyuma ya banda, akaamka kabla ya kila mtu, akalisha kamba, akapika, akaweka chakula cha mababu kwenye meza ya ukumbini mbele ya vibao vyenye majina yao, akawasha vijiti vya udi, halafu akawalisha walio hai. Yeye alikula mwisho, amesimama, mara nyingi akiwa tayari ameshika sufuria ya kuosha.

Siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana, Wan-ju alimkuta amelala sakafuni kati ya matangi na ukuta. Alikuwa mweupe. Alimwita, hakuitika. Aliushika mkono wake akaona mwanga wa dirisha ukipita katikati ya vidole kama unavyopita kwenye karatasi ya mafuta. Wan-ju ana shahada ya ufugaji wa viumbe wa majini. Alidhani ni machozi yanamchezea macho.

A-Hin alimbeba dada yake kwa mkono mmoja. Alikuwa mwepesi kama tenga tupu, na A-Hin, hata katikati ya kilio, alifarijika kidogo kuona kwamba uzee haujamfika mikononi. Daktari wa kliniki alipita akiwa njiani kwenda kula, akatazama kutoka mlangoni, akasema ni moyo. Wote walikubali, Shangazi alikuwa mtu wa moyo. Mama Wan-ju alipomvika nguo za mwisho aliona blauzi imepasuka mgongoni, kutoka ukosini hadi kiunoni, na kilichokuwa chini ya blauzi kimepasuka vilevile. Alikwenda kuchukua sindano na uzi.

"Nguo za siku hizi," alisema, akashona vyote viwili pamoja.

Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba hakuna aliyetazama mgongoni. Alitazamwa, akashonwa.

Msiba uliwekwa chini ya hema kando ya banda. Haukuwekwa ukumbini, kwa sababu binti ambaye hajaolewa hatolewi kwa mlango mkubwa wa nyumba aliyozaliwa. Hakuna aliyelijadili hilo, kama ambavyo hakuna anayejadili mvua inyeshee wapi. Binti hulishwa na wajukuu wa mumewe akishakufa, jina lake likawekwa kwenye meza ya ukoo wa mumewe. Shangazi hakuwa na mume, basi hakuwa na meza. Mwili ulichomwa, majivu yakatiwa kwenye chungu cha kijani, yakapelekwa Hekalu la Mabinti kando ya mto, wanakowekwa wa namna yake. A-Hin alilia mpaka akameza popoo, ikabidi apigwe mgongoni. Alimpenda dada yake, na hili lazima lisemwe, kwa sababu kesho yake alizima feni zote zilizokuwa zikipoza maji ya matangi.

Ulikuwa ugomvi wao wa miaka mingi. A-Hin alitaka kamba wakue upesi wauzwe. Shangazi alitaka waishi. Sasa hapakuwa na wa kugombana naye, na umeme ulikuwa ghali. Kamba walianza kunenepa siku ileile, wakapata wekundu wa kupendeza, na wazee miongoni mwao wakaanza kulala ubavu.

Siku ya saba baada ya kifo, marehemu hurudi nyumbani kula. Mama Wan-ju alichemsha kuku mzima, akapika mchuzi wa samaki na tangawizi, akapanga vyakula mezani ukumbini, na familia ikakaa kumngoja kama desturi inavyotaka, kwa adabu na bila kutegemea mengi.

Shangazi alitokea nyuma ya pipa kubwa la maji lililoko mwisho wa banda. Alivuka ua, akaingia ukumbini akiinama, kwa sababu alikuwa ameongezeka kimo. Alikuwa na rangi ya waridi kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto, amejifunga turubai la kufunikia matangi. Alikaa, akala. Marehemu kwa kawaida huishia kwenye harufu. Shangazi alimaliza kuku pamoja na ngozi, akabakiza bawa moja tu, akaomba pilipili.

A-Hin alikohoa. "Dada. Sisi tumeshakuchoma."

"Mmechoma gamba."

"Si ungesema."

"Ningesemaje? Nilikuwa laini."

Mama Wan-ju alimwongezea mchuzi. "Wifi, na kilio chote kile pale hemani, hukusikia?"

"Nilisikia. Mlilia vizuri. A-Hin ndiye aliyenitia wasiwasi na popoo yake."

"Ilikaa hapa," A-Hin alisema, akionyesha koo, kwa fahari kidogo.

"Ila nani kazima feni zangu?"

Hapo kila mtu alikumbuka bakuli lake. Wan-ju aliuona mduara wa bakuli lake vizuri sana, na ua la bluu lililochorwa ndani.

"Wewe, msomi," Shangazi alimwambia kwa upole. "Kila siku unawaambia watu kwenye simu watazame mgongoni. Mimi mgongo wangu ulikuwa umeangalia wapi?"

"Ukutani, Shangazi."

"Ungenigeuza."

"Niliona haya."

Lilikuwa jibu la kweli, na Shangazi, ambaye alimlea, alilipokea. Alimpa bawa la kuku alilokuwa amelibakiza. Halafu akamgeukia mdogo wake.

"Na hilo gamba mmelipeleka wapi?"

"Hekalu la Mabinti. Pazuri sana, Dada. Kuna upepo wa mto. Hata mimi nilitamani."

Shangazi aliweka vijiti vyake vya kulia juu ya bakuli. "A-Hin, sikiliza. Hii si mara yangu ya kwanza. Nilijivua mwaka mama alipofariki, na tena Wan-ju alipoanza shule. Hamkuona, mlidhani nimenunua nguo mpya. Sasa mimi ni mzee, naweza kubakiwa na gamba moja, labda mawili. Baada ya hapo nitakufa kweli. Nataka kujua siku hiyo nitakula wapi."

"Si ndiyo hekaluni."

"Pale wanachoma udi mmoja kwa mabinti wote. Harufu ya kugawana. Mimi nimepika chakula cha meza hii tangu kichwa changu hakijafika juu ya meza. Nataka kula hapa. Kibao kidogo tu, hapo pembeni. Niwekeni hata nyuma ya Bibi, nisionekane."

A-Hin alitazama vibao vya mababu. Kulikuwa na nafasi. Kulikuwa na nafasi nyingi, kwa kweli. Pembeni palikuwa na kalenda ya duka la mbolea na mkebe wa dawa ya mbu.

"Si mimi, Dada. Ni desturi."

"Basi waulize wenye desturi."

Waliulizwa palepale. Tunatumia vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama mwezi mchanga, upande mmoja bapa, mwingine wa mviringo. Unauliza, unavidondosha. Kimoja kikilala hivi na kingine vile, mababu wamekubali. Vyote vikilala kifudifudi, upande bapa chini, wamekataa. Vyote vikilala chali, wanacheka.

A-Hin alipiga magoti, akauliza kama dada yake anaweza kuwekewa kibao, akadondosha. Walicheka. Aliuliza kwa maneno mengine, yenye heshima zaidi. Walicheka. Mama Wan-ju alisema sakafu imeinama upande huo, jambo ambalo lilikuwa kweli, akaleta zulia la mlangoni. Walicheka juu ya zulia. A-Hin alijaribu kuuliza kama labda swali limeulizwa vibaya, na hapo kicheko kikaanza kusikika kabisa, kutoka juu ya meza. Ilikuwa sauti ya Babu, baba yake A-Hin, na kile kikohozi chake cha sigara mwishoni. Wan-ju, ambaye huona aibu watu wakipiga kelele, aliinuka akafunga dirisha majirani wasisumbuke.

"Wanacheka nini hawa?" A-Hin aliuliza.

"Wanakucheka wewe," Shangazi alisema.

"Kucheka siyo kukubali."

"Siyo kukataa pia."

"Kama hawajakubali, mambo yanabaki yalivyo." Hivyo ndivyo kanuni inavyosema, na A-Hin alirudisha vile vipande kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha.

Wan-ju alikuwa na sentensi ya kusema. Ilikuwa sentensi nzuri, yenye mwanzo na mwisho, na ilimtaja Shangazi kwa jina. Alikuwa ameipanga tangu kicheko cha kwanza. Alipomaliza kusafisha koo, meza ilikuwa imeshafutwa.

Shangazi alilala chumbani kwa Wan-ju, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa na maboksi ya machujio mpaka darini. Kesho yake aliwasha feni, akarudi kazini. Lakini hakukaza. Siku zilipita na mwili wake ulibaki laini. Akikaa kwenye kiti cha nyavu, aliondoka na alama za nyavu mapajani. Akishika kikombe, kikombe kiliacha mviringo kiganjani hadi jioni. Mbwa alimlamba, ulimi ukabaki umechorwa mguuni. Mama Wan-ju alimsagia maganda ya mayai, akamchemshia dagaa wakavu na majani ya mforosadi. Shangazi alikula vyote, akashukuru, akabaki laini. Hakuweza kubeba ndoo. Alisimama karibu na matangi akiwaelekeza wengine, jambo lililomchosha kuliko ndoo zenyewe.

"Ni gamba," Wan-ju alimwambia baba yake hatimaye, akiangalia viatu. "Hajala gamba lake. Tunawaambia wateja wasilitupe."

"Sasa limeungua."

"Chokaa haiungui, Baba."

A-Hin alifikiri, akakubali, kwa sababu ndoo alikuwa anabeba yeye. Walipanda gari la kupelekea mizigo. Shangazi alikaa nyuma juu ya maboksi ya povu yanayosafirishia kamba, maana mbele hakutosha tena, na A-Hin aliendesha polepole asije akambonyeza kwenye mashimo ya barabara. Mama Wan-ju alifunga uji wa mchele na viazi vitamu kwenye chombo cha kuhifadhi joto.

Hekalu la Mabinti ni jengo dogo la vigae vya manjano. Ndani kuna rafu, na juu ya rafu kuna vyungu, kila kimoja na picha ya msichana au mwanamke aliyekuwa hatabasamu kwa sababu alikuwa hajazoea kupigwa picha. Mlinzi wake, Bibi Khiu, alikuwa anafagia majani ya mkungu. Alimtazama Shangazi juu hadi chini.

"Umechelewa," alisema. "Wenzako huja siku ya tisa, ya kumi."

"Wenzangu?"

"Umekuja na kaka?"

"Huyo hapo. Mdogo wangu."

"Una bahati. Chungu hakifunguliwi bila mkono wa mwanamume wa ukoo."

Alileta chungu cha kijani. A-Hin alikifungua, akageuza uso kwa heshima. Shangazi alijimiminia majivu juu ya uji, akakoroga, akaonja.

"Chumvi haijakolea," alisema, akala.

Walikaa kwenye ngazi wakimsubiri. Alianza kukaza alipofika nusu ya chombo. Kwanza ncha za vidole, halafu viwiko, halafu mgongo ukatoa mlio mdogo kama kopo la bati likipata joto. Alama za kiti zilifutika mapajani. Alisimama, akajipiga kifua mara moja kwa ngumi, na sauti ilikuwa ya mtu mzima.

Ndipo alipowaona wanawake nyuma ya tangi la maji la hekalu. Walikuwa wanne au watano, wa rangi ya waridi, wamejitanda mashuka ya zamani yenye maua, wakicheza karata kwenye kivuli. Mmoja alikuwa na alama ya dirisha la nondo shavuni, ya kuegemea kwa muda mrefu.

"Mna kiporo?" huyo aliuliza.

"Hao wapo," Bibi Khiu alisema, akiendelea kufagia. "Yule wa mwisho yuko hapa tangu kabla ya reli kuwekwa umeme. Siku ya saba walirudi kwao, wakakuta hakuna aliyepika. Wakarudi huku."

"Na vyungu vyao?"

"Viko rafuni. Nimekuambia, vinataka kaka."

Shangazi alimgeukia A-Hin. "Wafungulie."

"Mimi siyo kaka yao."

"Mkono ni mkono."

"Siyo mkono wa ukoo wao, Dada. Bibi hapa kasema."

Bibi Khiu alithibitisha kwamba amesema. A-Hin hakuwa mtu mbaya. Alisimama pale akijikuna kisogo, akaonekana kuumia, kisha akaenda barabarani akawanunulia wale wanawake mfuko mkubwa wa matofaa. Waliyapokea kwa mikono miwili. Kila tofaa lilipowekwa kiganjani liliacha shimo lake. Shangazi aliwapa uji uliobaki, akawaambia atakuja tena, na mwenye alama ya nondo akasema wote husema hivyo, lakini hakusema kwa chuki. Alikuwa na karata nzuri.

Wan-ju alisimama rafuni akisoma majina. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na shahada, na watu wawili waliowahi kumposa kupitia kwa jirani, wote wawili aliwakimbia akajificha bandani. Aligonga chungu kimoja kwa kucha, halafu kingine. Alijiuliza ni nani aliyewatazama hawa mgongoni. Nje alimsikia baba yake akizungumza na Bibi Khiu kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya kununulia vitu vizuri.

Kwenye gari, njiani kurudi, A-Hin alikuwa na furaha.

"Nimekushughulikia," alimwambia binti yake. "Kando ya Shangazi yako. Bibi alitaka kukuweka rafu ya chini, nikakataa. Nimekuchagulia karibu na dirisha. Kuna mwanga."

"Asante, Baba," Wan-ju alisema, kwa sababu alilelewa vizuri. Shangazi alilisikia hilo kutoka nyuma, akagonga paa la gari mara moja. Na kwa kuwa sasa alikuwa amekaza, paa lilibonyea, na bado limebonyea.

Maisha yalirudi. Shangazi alibeba ndoo mbili mbili. Feni zilizunguka mchana; A-Hin alizizima usiku, Shangazi akaamka kuziwasha. Kila asubuhi alipika, akaweka chakula cha mababu, akawasha udi, akala mwisho amesimama, sasa akiwa ameinamisha kichwa kwa ajili ya dari. Kalenda ya duka la mbolea ilibaki pembeni mwa vibao, na mwaka ulipoisha ikawekwa mpya. Siku ya kufagia makaburi familia ilikwenda Hekalu la Mabinti kukitolea sadaka chungu cha kijani, ambacho sasa hakikuwa na kitu. Jina lilikuwa limeshaandikishwa pale, na jina lililoandikishwa hulishwa. Shangazi alikwenda nao akibeba kapu. Alipanga matunda mbele ya picha yake mwenyewe, akawasha udi, akainama, akaonja tofaa moja na kusema ni kali. Kisha alilibeba kapu lote nyuma ya tangi la maji, akakaa huko mpaka A-Hin akapiga honi.

Mwezi uliofuata Wan-ju alianza kuwashwa mgongoni. Mashati yalimbana. Alipoinama juu ya matangi alihisi kitu kinamvuta kutoka kisogoni hadi kiunoni, kama mshono. Alimwambia Shangazi wakiwa wanawalisha kamba. Shangazi alikausha mikono, akambonyeza shingoni kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza tikiti.

"Bado. Wiki mbili, tatu. Njoo."

Alimpeleka nyuma ya pipa kubwa la maji. Palikuwa pamefagiliwa. Kulikuwa na godoro dogo, blanketi la kukunja, na feni moja, mpya.

"Utaogopa kila kitu," Shangazi alisema. "Hata sauti ya kijiko. Ni kawaida. Mimi nitakuletea chakula."

"Na kama utakuwa umeshakufa, Shangazi?"

Shangazi alilitengeneza blanketi, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri. "Basi sema na baba yako," alisema. "Mapema."

Wan-ju aliipanga sentensi siku tatu. Aliitoa wakati wa chakula cha jioni, kwa sauti iliyotosha kusikika, na hilo lenyewe lilimfanya mama yake aweke bakuli chini.

"Baba. Siku ukinikuta nimelala chini, nigeuze. Nitazame mgongoni kwanza."

A-Hin alitafuna, akameza, akamtazama binti yake kwa upendo.

"Kwa nini uwe na wasiwasi?" alisema. "Nafasi yako ipo. Ile ya dirishani."

Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria, aliendelea kuisugua. Simu ya bandani ikaanza kulia, na Wan-ju akaenda kuipokea. Aliyepiga alikuwa kijana wa kiume, naye alikuwa analia. Kamba wake alikuwa chini ya tangi, mweupe, hajisogezi.

"Pole, Kaka," Wan-ju alisema, akijikuna kisogo kwa mkono ulio huru. "Mtazame mgongoni."

"Taipei?" A-Hin aliuliza kutoka ukumbini.

"Taipei."

"Watu wa Taipei," A-Hin alisema, akacheka mpaka akashika meza, na kutoka juu ya vibao Babu akacheka pamoja naye, akamalizia na kile kikohozi chake cha sigara.